Mafundo Saba ya Kamba ya Gunia

Myanga, Bungoma
6 Januari 2025

Kwa Mama Ngige, mwenye nyuzi, Tuwan, Kitale

Mulembe.

Ni mimi Wekoye, yule soja wako wa zamani. Usitafute miwani, si mzimu anayekuandikia. Najua huko mlisikia nimekufa. Aliyekufa ni Wekoye mwingine wa Kimilili, mtu mzuri sana, na mazishini nilikwenda nikala nyama kwa niaba yetu sote wawili.

Unakumbuka miaka kumi na tisa niliyolinda ile laini yenu ya maduka? Mvua ikinyesha wateja hawaji. Wewe unafuma, mimi nasinzia na rungu langu. Siku moja ukaniambia, "Mzee, shika hii, mikono yako imechoka kukaa bure," ukanipa sindano ya kufumia na nyuzi za makombo. Nilidhani unanidharau. Kumbe ulikuwa unanipa elimu kuliko ile ya darasa la tano niliyoiacha njiani. Mpaka leo vitambaa vya makochi yetu ni kazi ya mkono wangu. Wageni wakivisifu, mama watoto, Mary Ann, husema asante bila kupepesa jicho, na mimi nimekaa pale pale nikinywa chai yangu kama mgeni.

Sasa nataka kupanda cheo. Nataka kufuma blauzi. Si sweta, blauzi nyepesi ya jua hili la Januari, yenye matundu ya kupitisha upepo. Ni ya mwanamke. Nitumie uzi na sindano inayofaa, halafu uniandikie hatua kwa hatua kama unamwandikia ng'ombe.

Kipimo nimeweka ndani ya bahasha. Ni kamba ya kushonea gunia, ina mafundo saba. Mwanzo wa kamba hadi fundo la kwanza ni bega kwa bega. La pili ni shingo, la tatu mkono, la nne kifua upande wa kushoto, la tano kifua upande wa kulia, la sita tumbo, la saba urefu.

Usipige simu. Simu yetu ni moja na waziri wake ni Mary Ann. Mpe mzigo Kiptanui, yule dereva wa Kitale na Bungoma mwenye pengo, auache kwa mashine ya kusaga. Asilete nyumbani.

Kwa bei ya uzi nimekutumia jogoo. Ana tabia mbaya, mchinje haraka.

Mimi mwanafunzi wako mzee,
Wekoye


Tuwan, Kitale
10 Januari 2025

Mzee Wekoye,

Wi mwega. Jogoo amefika. Amemdonoa Kiptanui mara mbili na mimi mara moja. Tulimla jana, na alikuwa mgumu kama mwandiko wako.

Nimefurahi kusikia uko hai. Hapa tulikuwa tumekuchangia ubani, na watu hawarudishiwi, kwa hivyo ukifa tena usitutazame.

Nimekutumia uzi wa pamba rangi ya maziwa, na sindano namba nne. Sasa sikiza vizuri. Mgongo fuma kipande kimoja, anza na mnyororo wa vitanzi sitini. Mbele fuma vipande viwili, kila kimoja mnyororo thelathini, kisha uviunganishe katikati ya kifua. Mstari mmoja shona kawaida, mstari unaofuata ruka tundu moja, shona, ruka, shona. Hapo ndipo upepo hupita. Mikono iwe mifupi, uifume mwisho. Na ulegeze mkono, Mzee. Wewe hukaza uzi kama unamfunga mwizi.

Lakini hii kamba yako. Nimeiweka mezani nimeipima mara tatu. Kifua cha kushoto inchi kumi, cha kulia inchi saba. Hakuna mtu aliyeumbwa hivyo. Ulipima ukitoka kwa pombe ya busaa, ama mwenyewe alikuwa anakimbia? Chukua ile inchi kumi, ufanye pande zote mbili sawa, mambo yaishe.

Na hii blauzi ni ya nani? Kama ni ya Mary Ann, si umwite asimame umpime kama mtu?

Ni mimi,
Wakonyo, Mama Ngige


Myanga
17 Januari 2025

Mwalimu,

Uzi umefika. Nimeanza na kipande cha mbele, upande wa kulia, na nimekutumia ukikague. Utaona nimeanza na mnyororo ishirini na moja, si thelathini. Usishike fimbo. Kamba haikukosea. Mtu wangu ndivyo alivyo, kushoto kumi, kulia saba, na mimi ndiye fundi, si Mungu, siwezi kuanza kumpangia.

Unauliza ni ya nani. Ni ya mrembo mmoja hapa Myanga. Zaidi ya hapo sitasema, nimekula kiapo. Jua tu kwamba ana shingo nzuri, ana hasira, na akicheka kuku huacha kula wakamtazama. Siku hizi hacheki sana. Ndiyo maana namfumia.

Kazi naifanyia ghalani, juu ya magunia. Nikitoka huko nina maganda ya mahindi kichwani. Jirani yangu ananiuliza, "Wekoye, siku hizi unafuga panya?" Nikamwambia nasoma Biblia. Sasa anasema kwa watu nimeokoka, na sina pa kupita.

Tena nimekufanyia kitu cha kukufurahisha. Kipande nilipokimaliza kilikuwa kinalala lala tu, hakina nguvu. Nikakitia stachi, ile ile tunayotia vitambaa vya makochi: unga kidogo, maji moto, sukari vijiko vitatu. Nikakianika juu ya bati. Mwalimu, kimesimama. Nilikiweka mezani kwa mwenye mashine ya kusaga, kikakaa wima kama mgeni anayengoja chai.

Nipe alama zangu.

Wekoye


Tuwan
21 Januari 2025

Mzee Wekoye,

Alama zako ni hizi. Nilipofungua mzigo, sisimizi wa Bungoma nzima walishuka pamoja na kipande chako. Kitambaa cha kochi hutiwa sukari kwa sababu kochi halitoki jasho. Ulitaka huyo mrembo wako asimame juani akiwa amevaa mandazi? Nimekiloweka siku mbili ndio kikarudi kuwa nguo.

Hayo ningeyacheka. Lakini nimeongea na Kiptanui. Nilimuuliza kwa nini mzigo hauendi nyumbani. Akakuna kichwa, akasema, "Mama, hii mzigo iko na mambo. Mzee amenikataza nisitaje kwa mama watoto, hata akininunulia soda."

Mzee, mimi si mtoto. Mrembo mmoja wa Myanga. Kiapo. Maficho ghalani. Umri wa miaka sabini na moja, unafuma blauzi ya mpango wa kando kwa uzi wa duka langu?

Mary Ann namjua. Alikuwa anakuja na chupa ya uji kutoka Myanga mpaka Kitale kila mwisho wa mwezi, anakupa wewe kikombe, anampa mfagiaji, ananipa mimi. Mume wangu Gathii alipofariki, alikuja na akina mama wa kanisa lake ambao hata hawakunijua, akaosha sufuria siku tatu, akaondoka bila kungoja kushukuriwa. Mtu wa namna hiyo hafichwi mzigo kwenye mashine ya kusaga.

Kipande chako ninacho hapa. Sikirudishi, na uzi mwingine situmi. Ukitaka kuvalisha warembo, nenda mtumba.

Wakonyo


Myanga
24 Januari 2025

Mama Ngige,

Leo sikuandikii kwa mzaha. Ukiona mahali mzaha umetokea, umeponyoka wenyewe.

Mrembo ni Mary Ann.

Mwezi wa tatu mwaka jana alipata uvimbe katika titi la kulia. Mwezi wa tano wakalikata. Ndiyo hizo inchi saba. Alipotoka hospitali aliniapisha nisimwambie mtu yeyote, awe wa kanisa, wa ukoo ama mlevi. Aliniapisha juu ya Biblia, na kwa kuwa ananijua, akaongeza jembe langu juu yake. Kanisani wanajua ni presha. Mchungaji ameombea presha yake miezi minane, na kweli presha yake iko sawa kabisa.

Tangu hapo amevaa sweta moja ya kijivu. Jua la Januari unalijua. Mbwa wanahema, yeye amefunga vifungo hadi shingoni na jasho linamtiririka. Akivaa nguo zake za zamani, upande mmoja unaanguka kama hema lililokosa nguzo. Nilimletea blauzi ya mtumba. Aliivaa mara moja mbele ya kioo, akaivua, kesho yake nikaikuta anapangusia taa. Sokoni haendi. Ile kwaya ya akina mama aliyoiongoza miaka ishirini sasa ina kiongozi mwingine, anaimba kama mlango.

Hayo yote ningevumilia. Lakini kliniki ya Novemba hakwenda. Ya Desemba hakwenda. Ni huko Kitale, na ndiko wanakoangalia kama ule ugonjwa umerudi. Nyingine ni Alhamisi, tarehe ishirini Februari. Nilimwambia, "Twende, mama." Akasema, "Nitavaa nini, Wekoye? Kule wananivua sweta mbele ya foleni. Niambie nitakachovaa, nitakwenda." Alidhani amenishinda. Nikatoka nje nikakaa na ng'ombe, nikakumbuka sindano yako.

Kumwita asimame nimpime, angenifukuza. Kwa hivyo nilimpima mchana akiwa amelala mkekani. Mary Ann akilala amelala, unaweza kumbeba na mkeka wake ukamuuza sokoni. Hakujua lolote.

Sasa nimevunja kiapo. Jembe litanikata mguu wowote siku yoyote, nimekubali. Ila nakuomba unirudishie kipande changu. Ukitaka, kirudishe na matusi.

Wekoye


Tuwan
26 Januari 2025

Mzee wangu,

Nisamehe. Nilisoma barua yako nikafunga duka saa nne asubuhi. Majirani wakadhani kuna msiba.

Kipande chako nimekirudisha, na kamba yako, yenye mafundo yake saba. Kamba ilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyepima vibaya.

Usitumie ule uzi wa kwanza, hata hicho kipande kifume upya. Huu niliokutumia ni laini zaidi, hauwashi kwenye kovu. Upande wa kushoto fuma kama nilivyokuambia. Upande wa kulia usiruke matundu mengi, ufume karibu karibu ili usionyeshe ndani, ila mkono ulegee sana. Mshono wa katikati usiupitishe juu ya kovu, usogeze kidogo kushoto. Ufume ua moja begani upande wa kulia, majani yake yashuke. Macho ya watu yataishia kwenye ua.

Na kuna jambo lingine, usicheke. Dada yangu alipitia hayo hayo, sikuwahi kumwambia mtu. Tulimfumia mfuko mdogo ndani ya nguo, upande uliokatwa, na mviringo wa uzi tukaujaza pamba, akawa anauweka humo. Wengine hupenda, wengine hukataa. Mfanyie, halafu achague mwenyewe.

Stachi usiguse. Hata ukiota, usiguse.

Unakumbuka Gathii alipofariki, nani alikaa dukani kwangu siku nne akiuza? Uliuza uzi wa kijani ukisema ni bluu, na watu walinunua kwa sababu ulikuwa na rungu. Nilirudi nikakuta hakuna hata kibiringo kimoja kilichopotea. Nyinyi wawili mlinibeba, mmoja dukani na mwingine jikoni. Kwa hivyo usinitumie jogoo tena.

Wakonyo


Myanga
8 Februari 2025

Mwalimu,

Mgongo tayari. Mbele tayari, kushoto na kulia, na mshono umesogea kama ulivyosema. Ua la begani lilinitoa machozi. La kwanza lilikuwa kama kabeji. La pili kama kabeji iliyokanyagwa. La tatu nimeridhika nalo, ukilitazama kwa mbali na kwa upendo.

Sasa nikuambie kuhusu ule mviringo. Mimi, Wekoye, niliyetahiriwa mtoni bila kupepesa jicho, nimekaa juu ya gunia la mahindi nafuma titi. La kwanza lilitoka kubwa mno, lingemwangusha. La pili lilichongoka kama kofia ya askari wa mkoloni. Kisha nikafumba macho nikakumbuka, si unajua, miaka arobaini na tano si mchezo, na mkono wenyewe ukajua mahali pa kupunguza. La tatu limekuja sawasawa. Nilikuwa nimelishika kwenye mwanga kulikagua, na mwenye mashine ya kusaga akaingia. Tulitazamana. Nikamwambia ni mpira wa wajukuu. Akasema, "Mzee, wajukuu wako wana bahati."

Kila kitu nakificha ndani ya debe la mbegu, chini kabisa, pamoja na barua zako. Mary Ann haendi ghalani, anaogopa panya. Imebaki mikono miwili tu na siku ni kumi na mbili.

Jana nilimtajia kliniki. Akafunga kifungo cha juu cha sweta ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

Nina hofu, Mama Ngige. Je, nikimaliza na akaifanya ya kupangusia taa?

Wekoye


Myanga
13 Februari 2025

Kwa Mama Ngige,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi ni Mary Ann wa Wekoye.

Leo nimeingia ghalani kuchukua mahindi ya kusaga, kwa sababu anayejifanya anayachukua siku hizi anakaa huko saa tatu na kurudi na kopo moja la gorogoro. Panya siwaogopi. Nilisema hivyo mwaka tuliooana ili nisitumwe ghalani, naye ameamini mpaka leo.

Ndani ya debe la mbegu nimekuta blauzi, barua zako, kamba, na ule mviringo. Barua nimezisoma zote. Mimi nilifika darasa la saba.

Sitakuficha. Nilikaa juu ya gunia nikiwa na hasira. Siri yangu imepanda gari na Kiptanui, imefika Kitale, imekaa juu ya meza ya duka, imepimwa kwa futi. Nilitaka kuchoma kila kitu, na yeye mwenyewe nimchomee karibu.

Kisha nikaishika ile kamba.

Yeye anadhani siku ile ya kunipima nilikuwa nimelala. Sikuwa nimelala. Nilimsikia akivua viatu mlangoni, na Wekoye havui viatu hata kwa mchungaji. Nikafumba macho nione anataka nini. Akaanza na mabega, akafunga fundo, akanong'ona "moja". Shingo, "mbili". Mkono, "tatu". Anahema kama mwizi wa kuku. Kifua cha kushoto, "nne".

Mama Ngige, tangu mwezi wa tano mimi huvaa nikiwa nimempa mgongo. Hakuna aliyenigusa hapo isipokuwa manesi. Nikasema moyoni, sasa atafika upande wa kulia, ataruka. Atafanya kama hajaona, atahesabu ule wa kushoto mara mbili, kama kila mtu angefanya. Niliendelea kufumba macho kwa sababu sikutaka kumwona akiruka.

Hakuruka. Aliiweka kamba pale pale, juu ya kovu, taratibu. Kidole chake kikanigusa, hakukiondoa kwa haraka. Akafunga fundo, akasema "tano", akaendelea na tumbo kama mtu anayepima shamba lake mwenyewe.

Na wewe ukamwambia azidanganye inchi zangu ziwe kumi na kumi. Akakataa. Nimeliona hilo katika barua zako na kwenye blauzi yenyewe, na nimekusamehe, hukujua.

Nimerudisha kila kitu ndani ya debe kama nilivyokikuta. Umebaki mkono wa kushoto. Ninakuomba mambo mawili. Kwanza, usimwambie nimeona. Amejificha vizuri sana, itamvunja moyo. Pili, mhimize, maana siku hizi analala kwenye magunia badala ya kufuma, nimemsikia akikoroma.

Sijasema nitakwenda kliniki. Nimesema amalize.

Asante kwa uzi. Ni laini.

Mary Ann


Tuwan
15 Februari 2025

Mzee Wekoye,

Maliza huo mkono wa kushoto. Usilale. Usiulize maswali.

Wakonyo


Myanga
22 Februari 2025

Mama Ngige, mwalimu wangu,

Nimekaa nje, chini ya ukingo wa bati, na kalamu ya Mary Ann. Nina mengi, ngoja niyapange.

Jumatano nilimaliza saa nane mchana. Nilimpata anachambua maharagwe, nikamwekea mapajani nikarudi nyuma hatua tatu, maana sikujua kama kutarushwa maharagwe ama bakuli. Mama Ngige, alishangaa. Alishangaa vizuri mno. Aliweka mkono shavuni akasema, "Wekoye, hii imetoka wapi?" Akageuza upande wa pili, akasema tena, "Hii imetoka wapi?" Sijawahi kuona mtu akishangaa kwa utaratibu hivyo.

Kisha akautoa ule mviringo kwenye mfuko wake wa ndani, akauzungusha, akanitazama. "Na hili ni la nani?" Nikasema ni lako, ila ni la hiari. Akauliza, "Ulilipimia wapi?" Nikasema kichwani. Hapo akacheka. Alicheka mpaka maharagwe yakamwagika, kuku wakaacha kula. Tangu mwezi wa tano sikuwa nimekisikia hicho kicheko. Niliingia ndani nikajifanya natafuta kofia.

Mviringo hakuutaka. Anasema hataki kutembea na mgeni. Uko juu ya redio, ameuchomeka sindano zake zote.

Alhamisi asubuhi alitoka chumbani amevaa blauzi, na sweta juu yake, vifungo vyote. Tulitembea hadi barabarani. Kiptanui akasimama, akafungua mlango wa mbele mwenyewe. Mary Ann akamtazama, akatazama jua, akavua sweta, akanipa. Akapanda. Mikono yangu ilikuwa na kuku wa kukuletea na kikapu, kwa hivyo sweta nikaivaa. Nimefika Kitale katika lile jua nimevaa sweta ya mwanamke, vifungo viwili vimegoma. Kiptanui ananiuliza, "Mzee, uko sawa kweli?" Nikamwambia sijawahi kuwa sawa hivi.

Kliniki, alikaa kwenye foleni bila kujifunika. Mama mmoja kando yake aliitazama blauzi kwa muda, akaitazama tena upande wa kulia, akainamisha kichwa. Kisha akamnong'oneza, "Hata mimi." Waliongea mpaka zamu ilipofika. Nesi naye akashika ua la begani. "Mama, hii umenunua wapi?" Mary Ann akasema, "Hainunuliwi. Hupimwa."

Daktari ameangalia kila mahali. Hajaona kitu. Turudi Agosti.

Tulitaka kupita kwako, lakini Ngige wako alituambia umekwenda mazishini. Kuku tumemwachia. Huyu ana tabia nzuri, ni wa mayai, usimchinje. Na yule mama wa foleni atakuja kwako kuuliza uzi. Mpe laini, na kama ana mume, mpe na sindano.

Mimi sina maneno makubwa ya kushukuru. Darasa la tano hatukuyafikia. Nakushukuru kwa uzi wa makombo ulionipa wakati wa mvua. Nakushukuru hata kwa siku uliponifokea, kwa sababu ulimfokea mtu uliyedhani anamkosea Mary Ann, na mimi nikaona kumbe hayuko peke yake, nina mwenzangu wa kumlinda.

Kuna jambo moja tu linanisumbua. Leo baada ya chakula alitandika mkeka kivulini, akalala chali, si kwa kunipa mgongo. Nikajua amelala. Mara akasema, macho yamefumbwa, "Mkono wa kushoto unabana kidogo. Ulifuma ukisinzia." Nikasema nitaurekebisha. Akasema, "Basi lete ile kamba unipime tena."

Nikauliza, kamba gani.

Akasema, "Ile ya mafundo saba. Na uvue viatu kama siku ile."

Mama Ngige, mimi sikumwambia chochote kuhusu kamba. Je, wewe ulimwambia?

Nijibu kesho. Sasa hivi nimeitwa, na viatu nimeshavua.

Wekoye